Nyota Tatu Juu ya Projecteur ya Lusenge

Siku ya kwanza, 12/1/2026
Leo nimepiga picha ya nyota mia tatu! Hapa Beni, Bungulu, na telefone yenye kioo imepasuka. Wazungu ba mashine kubwa ya kuangalia nyota bakuje nibafundishe.
Bon. Daftari hii naisoma miye peke yangu, nisijidanganye. Hapana nyota. Ni badudu ndani ya mwangaza ya projecteur, ile lampe kubwa ya jirani, Lusenge. Mais nimekwisha kuituma kwa dada yangu mukubwa, Yaya Syauswa, kule Kyavinyonge.

Siku ya pili, 13/1
Hadassa, mujukuu wa Yaya, amepiga simu. Bibi aliweka picha karibu na pua — mbali haoni tena — akauliza nyota gani iko na mabawa. Anataka zile tatu za mustari, zenye mama alikuwa anatuonesha mbele ya kupanda maharagi. Docteur amesema jicho yenye imebakia itafunga mbele ya mwezi kuisha. Nikajibu: kesho anapata. Mudomo yangu!

Siku ya ine, 15/1
Giza nzuri iko Masereka, ku shamba yangu. Mais barabara imefungwa sababu ya baadui, na kutoka saa moja ya usiku hapana mutu inje. Kuku ndani ya kitunga, njo miye. Projecteur inawaka usiku muzima juu ya depot ya Lusenge, mbingu inakuwa rangi ya chai ya maziwa.
Kivuli iko nyuma ya choo tu. Nimekaa pale na mwavuli, mwangaza ya lampe isinipige. Binti yangu Rébecca akauliza nakimbia mvua gani. Nimepata nyota mbili. Ya tatu, mwangaza imekula.
Niombe Lusenge azimishe? Rébecca hataki kabisa. «Papa, quartier nzima inapata usingizi sababu ya ile lampe.»
Ni kweli. Hata miye.

Siku ya posho, jumamosi, 17/1
Hadassa anaandika: leo bibi ametia chumvi ndani ya chai. Na mawingu inakuja.
Telefone iko juu ya kinu, inaomba dakika ine ya giza ya kupiga picha. Nimeita Lusenge ku ukuta. Akasema, muzee, giza ni ya baadui, omba kingine. Nikapunguza sauti, muke wake asisikie:
— Ile usiku ya masasi ulilala chini ya kitanda yangu mpaka asubuhi, na kaptula imelowana. Sikuambia mutu. Hata ku daftari yangu sikuandika.
Lusenge anakohoa. Naandika na mwangaza yake mwenyewe, mawingu imefika ku choo.
— Dakika ine, mwana wangu. Nitasimama ku mulango ya depot, nikuchungie. Zimisha kwanza.