Mama, Sikiliza Kwanza Habari za Ebedmeleki

Mpanda,
Jumapili, baada ya ibada.

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo mama. Onga mshi, kwa Kisambaa chetu. Nakuamkia kwa maandishi ili salamu ifike yote, maana juzi kwenye simu nilikuwa bado naamkia, ukampa dada Mbonea simu. Goti la kushoto linasemaje na baridi ya mwezi huu? Umevaa ile sweta nene au bado umeifungia sandukuni unasubiri sikukuu? Sisi huku wazima, mimi na Sabina na mtoto. Mtoto ananyonya bila huruma, mashavu yamejaa mpaka shingo haionekani. Joto ndilo linatutesa. Kuna siku naota nimesimama kwetu Shume kwenye ukungu natafuna fyulisi, nikiamka shuka limelowa jasho.

Dada Mbonea, najua ni wewe unayesoma kwa sauti, maana macho ya mama hayawezi tena mwandiko wangu. Nakuomba usome yote. Usiruke mahali, na usilainishe maneno yangu kwa kuogopa uso wa mama. Nakufahamu.

Mama, nimeamua kuandika kwa sababu simu ina pa kukimbilia. Kila nikitaja jina la mtoto mtandao unakatika, au mgeni anabisha hodi, au maziwa yanafurika jikoni. Wiki tatu mfululizo maziwa yanafurika! Na ng'ombe mwenyewe ulishaniambia amekauka tangu mwezi wa pili.

Najua kinachokuuma, wala sijasahau nilikotoka. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume wa kijana hachaguliwi jina, ana jina lake tayari, la babu mzaa baba. Tangu mimba ya Sabina ilipoanza kuonekana ulikuwa ukinipigia unauliza, "Mume wangu anacheza huko ndani?" Akina mama wa kwaya wote uliwatangazia kwamba Hoza anarudi. Halafu mimi, mwana wako mmoja wa kiume, nikakuambia nataka mtoto aitwe Ebedmeleki. Ukasema, "Jina hilo mimi silitii kinywani mwangu." Tangu siku ile humwiti tena mume wangu. Unauliza, "Huyo mtoto hajambo?" Huyo mtoto! Mama, neno hilo limenichoma, sikufichi.

Si wewe tu unayeshindwa nalo. Kliniki nilipolitaja, muuguzi aliniomba nirudie mara tatu, kisha akaandika kwenye kadi "Mtoto wa Sabina" na kuacha nafasi wazi, akasema nikijipanga nirudi. Mama mkwe anasema Ebenezeri, ukimsahihisha anakasirika. Jirani yetu Baba Zuhura amefurahi kupita kiasi, anasema huyo ni Abdulmaliki wao na Wakristo tumeazima. Hata mchungaji alitaka kulitamka mbele ya wazee wa usharika, likamkwama katikati, akakohoa na kuendelea na matangazo. Sabina anacheka mpaka anashika ubavu. Nami najua shuleni watamkatakata, wengine watamwita Ebe, wengine Meleki, na siku ya kuandikishwa mwalimu atamuuliza jina la babu yake lilikuwa na shida gani.

Kwa hiyo si kwamba sijui ugumu wake. Na si mbwembwe za mtu aliyekaa mbali na nyumbani, kama ulivyomwambia dada. Iko sababu, na sababu hiyo nilikuficha. Hapa ndipo nakuomba msamaha kabla sijaendelea.

Unakumbuka ile homa yangu ya mwaka jana, niliyokuambia imenilaza siku tisa? Ukafunga na kuomba. Mama, haikuwa homa. Nilifukiwa kisimani.

Nilikuwa nimepata kazi ya kuongeza kina cha kisima kwenye kijiji kimoja nje ya mji hapa. Kisima chenyewe kilikuwa cha futi thelathini na kitu, na maji yalikuwa yameshuka kwa kiangazi. Niko chini nachimba, ukuta wa upande mmoja ukaporomoka. Udongo ulinifunika mpaka kiunoni na jiwe likanipiga mbavuni. Wenzangu wawili waliokuwa juu ni watu wema, wala siwalaumu. Waliogopa kwamba ukuta uliobaki utafuata, wakanitupia kamba, wakapiga kelele nijifunge haraka. Nikajifunga kifuani. Wakavuta. Mama, nililia kama mtoto. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika na kamba imepita juu yake, na wao kadiri nilivyolia ndivyo walivyozidi kuvuta, wakidhani wananiwahi.

Sasa akatokea mtu. Alikuwa anapita na baiskeli yake ya mkaa. Nilisikia sauti nisiyoijua ikisema, "Acheni! Mnamuua huyo!" Kamba ikalegea. Akainama pale juu, nikaona kichwa tu na mwanga nyuma yake, akaniuliza taratibu, kama mtu anayeuliza njia, "Kaka, panauma wapi?" Nikamwambia. Akavua shati lake. Akaomba kanga kwa wanawake waliokuja kuangalia, akazifunga furushi moja na lile shati, akanitupia. Akaniambia nizipange kwapani, na kamba ipite juu ya nguo, mbali na mbavu. Akaniambia nifukue miguu kwanza, asingevuta mpaka miguu iwe huru. Ukuta unadondosha mchanga kichwani kwangu na yeye anasema, "Usiogope, bado tunao muda." Sijui muda huo aliuona wapi. Miguu ilipotoka ndipo wakavuta, pole pole, yeye akiwahesabia.

Nilipofika juu nikazimia. Nilipozinduka nilikuwa juu ya gari napelekwa hospitali, na yule mtu alikuwa ameshaendelea na mkaa wake, kifua wazi. Shati lake lilibaki na mimi. Hakuna aliyemuuliza jina.

Mama, hapa naomba ukae vizuri. Dada, mngoje akae.

Nilipokuwa nimelala kitandani nilimfikiria baba. Umetusimulia mara ngapi jinsi gogo lilivyomwangukia kule msituni, na wenzake wa kupasua mbao, waliompenda kama ndugu, wakamshika mikono wakamvuta kabla ya kuliinua gogo? Kila mwaka siku ile ikifika unasema maneno yale yale: "Wangetafuta kwanza miti ya kuliinulia. Wangemvuta taratibu." Hukuwahi kuwachukia. Ila hukuwahi kuacha kusema. Ndiyo maana sikukuambia habari za kisima. Nilijua ungesikia mwanzo tu wa habari, mtu chini na watu wanavuta, na ungeanguka kabla sijafika kwenye baiskeli ya mkaa.

Siku ya nne mwinjilisti wa hospitalini alikuja kutusomea. Alisoma Yeremia, pale nabii anapotupwa kwenye shimo la matope. Nilikuwa nasikiliza nusu. Mara nikasikia kwamba mtu mmoja Mkushi, mtumishi wa nyumba ya mfalme, alikuja na kamba, na kabla ya kuvuta akamtupia Yeremia matambaa makuukuu ayaweke kwapani chini ya kamba. Mama, nililia mpaka mgonjwa wa kitanda cha pili akaita muuguzi. Nimesoma Biblia tangu shule ya Jumapili hapo kwetu, nikapata kipaimara, na habari hiyo ilikuwa imenipita. Mkushi, mtu mweusi kama sisi, Ebedmeleki.

Nilipopona nilimtafuta mwenye shati. Nilizunguka kwa wauza mkaa wote wa mji huu, nikasimama njia panda asubuhi kadhaa nikiangalia kila baiskeli. Wapo walionihurumia, wapo walioniona nimerukwa na akili. Sikumpata. Laiti ningemjua jina, mtoto angeitwa hilo, liwe Masanja, liwe Juma, na ugomvi wetu ungekuwa mfupi zaidi. Kwa kuwa simjui, nimechukua la yule aliyefanya kama yeye.

Ulinijibu kupitia kwa dada kwamba mtoto aitwe Hoza, na hilo la Biblia liwe la ubatizo, likae kwenye cheti. Nami nilikujibu kwa ujeuri kwamba Hoza yumo tayari, mwishoni: Ebedmeleki Elia Hoza. Dada aliniambia ulichosema baada ya hapo. Ulisema, "La mwishoni ni la kuandikwa. Mimi nataka la kuita." Ulisema tangu baba afe hujaita Hoza pale uani akaitikia mtu. Mama, ile sentensi nimekaa nayo wiki mbili. Nimeenda nayo kazini na kurudi nayo. Nilikuwa nadhani unatetea desturi ili watu wasikucheke, kumbe unamtaka mumeo. Nisamehe kwa ule ujeuri.

Nimezungumza na Sabina. Yeye kwao hawana shida hii, wanampa mtoto jina la mtakatifu wa siku wanaendelea na mambo. Aliniuliza, "Sasa wewe unamlipa nani, yule wa mkaa au mama yako?" Nikamwambia anipe chai.

Mama, nimefikia hapa. Ubatizo ni Jumapili ya mwisho ya mwezi ujao. Mchungaji humuuliza jina yule aliyembeba mtoto, na jina litakalotajwa pale ndilo litaandikwa, kwenye kitabu cha usharika na kliniki na kila mahali. Nimemwomba mtoto abebwe na wewe. Amekubali. Mimi na Sabina tutasimama pembeni na midomo yetu imefungwa. Ukisema Hoza, ni Hoza, na mimi ndiye nitakuwa wa kwanza kumwita hivyo tukitoka kanisani, bila kununa. Ukisema lile lingine, liseme pole pole, maana limemshinda hata mwenye joho. Sitakupigia kukushawishi. Nimeshasema yangu yote humu.

Tiketi nimeshakata, dada atakuletea. Najua kona za kushuka Mombo zinakuchafua tumbo, kwa hiyo kaa mbele karibu na dereva, chukua limau, na usile makande asubuhi ile. Dada atakusindikiza mpaka huku, nimeongea na shemeji naye hana neno.

Nisalimie huyo shemeji, mume wa dada, mwambie mbegu za viazi nimezipata. Msalimie mjomba, kaka yako wa kule bondeni, na umtoe wasiwasi kama ameshasikia maneno ya Baba Zuhura: sijasilimu. Bibi jirani wa nyumba ya bati jekundu mpe mkono wangu. Akina mama wa kwaya nao wasalimie, na kama wataendelea kukuuliza jina, waambie hata mimi baba yake silijui bado.

Nakuachia, mama. Nimeogopa kuandika barua hii kuliko nilivyoogopa mle shimoni, maana mle nilikuwa najiogopea mwenyewe tu. Njoo. Hata kama utakuja umekasirika, njoo na hasira zako tutazipokea pamoja na mizigo. Mtoto ana miezi mitatu, na hakuna mtu wa kwetu hata mmoja aliyewahi kumbeba.

Mwanao anayekupenda,
Elia wa Hoza