Bobi Anataka Mkono Wako

Ngokolo, Shinyanga
9 Machi 1982

Mwanangu Apolinari,

Marahaba. Najua hujaniamkia tangu mwaka jana, lakini nimeitikia ili tusipoteze wakati. Mimi mzima, goti tu ndilo linanisumbua asubuhi. Wewe je, unakula vizuri huko Geita?

Kilichonishikisha kalamu ni Bobi. Amekuwa mhuni, uzee haujamtuliza. Anatoroka kufuata majike, anarudi masikio yamechanika, na majirani wananisema. Inabidi ahasiwe. Bwana mifugo nimemzaa mwenyewe, nimwite nani mwingine? Njoo. Unakumbuka ulivyomleta kutoka kwa bibi yako Ushirombo, ndani ya kikapu cha karanga, mnalia wote wawili? Marehemu baba yako alicheka mpaka akakaa chini. Tangu tumzike, mwaka wa tatu huu, hujatia mguu hapa.

Mama yako,
Salvina

Kalangalala, Geita
4 Aprili 1982

Mayu,

Shikamoo. Barua yako imenichekesha peke yangu ofisini. Sijambo, ninakula, na malaria ya Februari imekwisha. Nisamehe kwa kimya. Tuko kwenye kampeni ya kichaa cha mbwa, tunachanja na kuhasi mbwa na paka kuanzia hapa mpaka kwa wachimbaji wa Rwamgasa. Nafasi ya kuja sina. Ila mwenzangu Athanas anakuja Shinyanga mwezi wa tano kuchukua chanjo, atapita hapo nyumbani. Mkono wake mwepesi kuliko wangu.

Mwanao,
Apolinari

Ngokolo
25 Aprili 1982

Mwanangu,

Marahaba, na pole kwa malaria ambayo hukuniambia. Huyo Athanas mshukuru, lakini asije. Bobi hapendi wageni, atamng'ata. Paka wa watu unawahasi kwa mkono wako, mbwa wako mwenyewe unamtumia mtu? Hapana, nitangoja. Jumapili nilipika michembe, vile viazi vyetu vikavu, kwa karanga, nikajikuta nimepakua sahani mbili. Mazoea haya, jamani.

Mama yako,
Salvina

Kalangalala
30 Mei 1982

Mayu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Barua yako ilichelewa, Athanas alikuwa ameshaondoka. Amerudi jana. Anasema ulimlaza kwenye kitanda changu, kilikuwa kimetandikwa tayari, na ukamwuliza habari zangu mpaka chai ikapoa. Alimkuta Bobi jikoni amelala kwenye majivu, hang'ati hata nzi. Alipomgeuza akaona ameshahasiwa, tena zamani. Akanicheka kwamba kovu limekaa kombo, kazi ya mwanafunzi.

Mimi sikucheka. Nilikumbuka likizo yangu ya chuo, mwaka wa sabini na nane, pale uani. Baba alishika miguu, wewe ukashika kichwa, ukimbembeleza Bobi avumilie kwa kuwa mtoto anajifunza. Ndiye mbwa wa kwanza niliyemhasi maishani, nami nikamsahau kabisa. Athanas alikuuliza kwa nini hukuniambia ukweli. Anasema ulimjibu, "Ningesema nimemkumbuka tu, asingekuja."

Nimeona aibu, Mayu. Kesho naomba ruhusa kazini, na wakininyima nitakuja vivyo hivyo. Ijumaa nitakuwa hapo. Mkasi nauacha huku.

Mwanao,
Apolinari