Mwendo wa Redio ya Baba

Ijumaa usiku

Vidole bado vinauma, na kesho nasimama na bendi ya Mzee Odera mbele ya watu.

Bendi yenyewe, ile ya kanda za marehemu baba. Ndiyo iliyonifanya nishike gitaa nikiwa darasa la tano, na ndiyo iliyonifanya niache chuo. Leo kwenye mazoezi kule Buruburu wameanza wimbo wa kwanza, nikaachwa nyuma. Noti zote nazijua. Lakini wao wanakimbia.

Mzee Odera akatusimamisha. "Kijana, mbona unapiga kama tuko matangani? Nani alikufunza?"

"Ni nyinyi, mzee. Kwa kanda."

Wakacheka. Mimi sikucheka, maana hapo ndipo nilipoelewa. Redio ya baba ilikuwa imechoka, ikizungusha kanda polepole, na hatukuwa na nyingine. Miaka yote hiyo nimejifunza mwendo wa redio mbovu. Nina hasira na sijui nimkasirikie nani.

"Kesho ikikushinda, solo nitapiga mwenyewe," akasema Mzee.

Nimefika nyumbani Kaloleni nikaupiga wimbo kwa kasi yao, tena na tena, mpaka vidole vikakubali. Nilikuwa karibu kufurahi. Mama akauliza kutoka jikoni, "Huo nao ni wimbo gani?"

"Si ni ule baba alikuwa anapenda."

Nikasikia akizima jiko.

"Baba yako hakuusikia hivyo hata siku moja."