Mikono ya Mama Kwa Kichwa cha Kaka

Mujukuu wangu Chantal,

Huku Kolwezi tuko bazima, mama yako anakusalimia. Unakula muzuri? Unauliza ufanye nini na bandugu wanaovuta mugonjwa mbele ambulansi unayofanyia kazi ifike.

Wakati wa usichana wangu, kaka alianguka na baiskeli kwa njia ya Kasaji. Sote tulimuvuta asimame. Infirmie, muuguzi wa hospitali, akafika, akaogopea shingo yake, lakini hakutufukuza. Akaambia mama yetu:

“Mama, piga magoti hapa. Kamata kichwa na mikono mbili, kisigeuke.”

Mama akaacha kulia. Kaka akasema, “Ananikamata sawa kuku wa kuuza!”

“Nyamaza, kuku,” mama akajibu.

Kaka angali analima.

Mikono yenye woga inaomba kazi tu, mutoto wangu. Hata yangu: niambie siku utakuja, nianze kutwanga mihogo.

Nkambo wako