Mikwaju Miwili kwa Salamu ya Baba

Jumamosi, mwezi wa saba. Karatu.

Baridi imekaza tangu alfajiri, na ukungu haukuondoka kilimani mpaka asubuhi ilipokuwa imekwisha. Nimerudi nyumbani nina vumbi jekundu hadi kwenye nyusi. Sijala. Nimepika chai, imepoa, nimeipasha, imepoa tena, kwa sababu kila nikishika kikombe nakumbuka jambo jingine la kunipandisha damu. Bora niandike. Nisipoandika nitampigia mtu simu, na namba yake ninayo.

Nina hasira. Niseme wazi tangu mwanzo.

Kwa anayepita hapa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa Jiografia katika sekondari moja ya wilaya hii, na ndiye ninayesimamia timu ya gofu ya wasichana. Ndiyo, gofu. Anayetaka kucheka acheke amalize. Upande wa Ganako kuna loji yenye uwanja mdogo wa mashimo tisa. Wageni wakishapanda magari kwenda kuona kreta ya Ngorongoro, uwanja unabaki na ndege na watunza nyasi, kwa hiyo meneja akaturuhusu tuutumie. Tulianza na fimbo kuukuu walizoziacha wageni. Leo tuna wasichana wanaopiga mpira ukanyooka kama umetumwa.

Leo yalikuwa mashindano ya shule mbalimbali. Wasichana wawili wanaomaliza kwa mikwaju michache kuliko wengine ndio wanaokwenda Moshi kucheza na wenzao wa kanda. Wawili tu. Na mmoja wao alipaswa kuwa Naserian.

Naserian yuko kidato cha tatu. Kwao ni Olbalbal, kule bondeni chini ya milima ya kreta, ambako msimu huu ng'ombe wanatembezwa kutwa nzima kwa ajili ya maji. Anaishi bwenini. Tangu kidato cha kwanza Moshi iko kichwani mwake. Anaamka kabla ya kengele akapige mipira kwenye uwanja wa paredi, na kioo cha maabara kilichovunjika mwaka jana ni kazi yake, ingawa mimi nilimwambia mkuu wa shule kwamba ni upepo. Mwakani atakuwa mtahiniwa, na hiyo itakuwa nafasi yake ya mwisho.

Sasa kanuni.

Mashindano yetu yana kanuni za mwenendo, na mimi, nikiri, nazipenda. Kila Ijumaa nawasomea wasichana. Vaa fulana yenye kola. Nyamaza mwenzako anapolenga. Nyasi ulizozing'oa zirudishe. Usitupe fimbo kwa hasira, hata kama mpira umeingia kwenye miiba. Na ya kwanza kuliko zote: mchezaji atasema kweli juu ya mchezo wake, hata kama hakuna aliyemwona. Hiyo naisoma mara mbili. Mchezo gani mwingine unamwambia mtoto ajitaje mwenyewe akikosea?

Halafu kuna ile ya watazamaji. Mzazi atakaa kwenye njia ya mawe. Mchezaji hatazungumza naye wala kupokea maelekezo yake mpaka amalize shimo la mwisho. Adhabu ni kuongezewa mikwaju miwili.

Kanuni hiyo nimeisoma mara ngapi bila kuiona! Kwa sababu wazazi wa wasichana wangu hawajawahi kuja. Wana mashamba, wana mifugo, na gofu hawajui ni mdudu gani.

Leo akaja mmoja.

Baba yake Naserian aliwaacha ng'ombe kwa mdogo wake, akapanda hadi barabara kuu, akadandia lori la mahindi mpaka Karatu. Hakumwambia mtu. Alitaka tu kuona hicho kitu kinachomfanya binti yake awe na haraka ya kurudi shule likizo ikiisha. Getini askari akamnyang'anya fimbo yake, eti silaha haziruhusiwi ndani. Uwanja mzima umejaa watoto wenye fimbo za chuma, ananyang'anywa mzee kijiti cha kuchungia! Hakubishana. Aliingia amejitanda rubega yake nyekundu, akasimama kwenye njia ya mawe alipoelekezwa, mikono nyuma, akaanza kufuata.

Tatizo ni kwamba baada ya shimo la sita njia ile inakatiza mbele ya wachezaji. Hakuna pa kupita pengine. Naserian akatoka na mkoba wake begani, baba yake akatoka upande wa pili, wakakutana uso kwa uso.

Mimi nilikuwa nyuma yao. Niliona yote.

Alishusha mkoba, akasogea, akainamisha kichwa. Baba akaweka kiganja juu ya utosi wake, akasema maneno kwa Kimaa, binti akaitikia, akachukua mkoba akaendelea. Haikuchukua hata muda wa kufunga kamba za kiatu. Mimi ni Mwiraqw wa Kansay, kwetu tunasalimiana vingine, lakini nimefundisha watoto wa Kimasai muda wa kutosha kujua kwamba mtoto hampiti baba yake akiwa amenyanyua kichwa. Angempita hivyo angekuwa amemtukana mbele ya watu.

Mwamuzi aliyekuwa akifuata kundi lile akaandika kitu kwenye kadi yake. Nikadhani anaandika upepo.

Naserian alicheza mashimo yaliyobaki vizuri kuliko nilivyowahi kumwona. Akamaliza wa pili. Wenzake wakamrukia, mmoja akaanza wimbo, na mimi nikajikuta napiga vigelegele kama niko harusini. Kisha tukaitwa kwenye meza ya waamuzi. Ameongezewa mikwaju miwili kwa kuzungumza na mtazamaji. Alikuwa wa pili kwa mkwaju mmoja, sasa ni wa tatu kwa mkwaju mmoja.

Moshi imekwenda.

Msimamizi wa mashindano ni mtu mpole, hilo nalo lazima niliandike. Aliniangalia kwa huruma, akashusha sauti.

"Mwalimu, kama ilikuwa salamu tu, naifuta sasa hivi. Hata mimi nina wazazi. Ila kama mzee alimwambia lolote la mchezo, hapo siwezi kukusaidia."

Pale mezani hapakuwa na mtu anayejua Kimaa isipokuwa Naserian na baba yake. Mlango wa kumwokoa ulikuwa wazi kabisa. Nikamgeukia Naserian, wenzake wote wakisikia, nikamwambia, "Sema ilikuwa salamu tu."

Akaniangalia kama vile sikueleweka.

"Alinisalimia, Madam. Halafu akaniambia nisiharakishe."

"Usiharakishe kutembea, siyo?" Nilimpa mpaka jibu mdomoni.

"Hapana, Madam. Kupiga. Alisema aliniona nikiharakisha kule nyuma."

Naserian, Naserian! Nilitaka kulia. Msimamizi akafumba macho kidogo, akaichukua kadi, akasema basi, adhabu inabaki.

Baba yake akauliza kuna nini. Binti akamweleza kwa Kimaa, polepole, naye akasikiliza mpaka mwisho. Kisha akasogea mezani, akaongea Kiswahili chake cha mnadani.

"Mimi ndiyo nimesema. Mtoto hana kosa. Hiyo faini yake ni yangu. Mbuzi moja inatosha, au mnataka kondoo?"

Hakuwa anatania. Kwao mtoto akivunja kitu, baba analipa, kosa linakwisha na watu wanabaki majirani. Alikuwa anafanya jambo la heshima kuliko yote yaliyofanyika uwanjani leo.

Wakacheka.

Si msimamizi, huyo aliinama. Waamuzi wawili, na mwalimu wa shule nyingine, na mzazi mmoja mwenye miwani ya jua iliyopandishwa kichwani. Mwenye miwani alicheka mpaka akakohoa. Sasa huyo huyo, kwenye shimo la nne, alimwambia binti yake kwa Kiingereza aiache ile fimbo achukue namba saba. Nilimsikia kwa masikio yangu. Mwamuzi alikuwa hapo hapo, akatabasamu. Sisemi yule binti amebebwa, alicheza vizuri na nafasi yake ya kwanza ni halali. Nasema tu kwamba maelekezo yakitolewa kwa Kiingereza yanaonekana ni gofu, na salamu ikitolewa kwa Kimaa inaonekana ni njama.

Hapo nikapasuka. Nilipiga meza, kadi zikaruka. Niliuliza wanacheka nini. Niliwaambia mtoto huyu ndiye peke yake aliyeshika kanuni yao ya kwanza leo, na malipo yake ni haya. Nilimtaja mwenye miwani na namba saba yake. Mwamuzi akasema hakusikia. Nikamwambia masikio yake yanachagua lugha. Nilisema na mengine ambayo mwalimu hapaswi kuyasema mbele ya wanafunzi waliovaa sare.

Aliyeninyamazisha ni baba yake Naserian. "Mwalimu," akasema, "punguza. Watoto wanasikia."

Kisha akamgeukia binti yake, na hili alilisema kwa Kiswahili, nadhani makusudi, ili wote tulisikie.

"Siku nyingine sitakuja. Nikija naharibu."

Naserian alimsindikiza mpaka getini, akamsimamia askari mpaka fimbo ikapatikana, akasimama pale hadi baba alipopata gari la kupanda Ngorongoro. Alirudi akanywa soda yake na wenzake. Njiani alisaidia kubeba mikoba. Hakulia. Ningejua la kufanya kama angelia.

Nilipofika nyumbani nilikuta ujumbe wa kamati kwenye simu. Kumbe nasi walimu tuna kanuni zetu za mwenendo, ambazo nilitia sahihi bila kuzisoma vizuri. Natakiwa niende Jumatatu niwaombe radhi waamuzi kwa lugha na kelele. Nisipokwenda, shule yangu haitashiriki mwakani.

Mwakani. Nafasi ya mwisho ya Naserian wameitundika kwenye ulimi wangu.

Nimezunguka sebule hii mpaka nimechoka. Nusu saa nzima nilikuwa naapa siendi. Nikatunga hotuba. Nikaitoa kwa ukuta, na ilikuwa nzuri sana, ukuta haukuwa na la kujibu. Halafu nikakaa, na jambo nililokuwa nalikwepa tangu mchana likaja lenyewe likakaa karibu yangu.

Waamuzi walitumia kanuni mbovu kwa ujinga. Mwenye miwani alicheka kwa ujinga. Lakini aliyemwambia mtoto aseme uongo ni mimi. Mimi ninayeisoma ile kanuni mara mbili kila Ijumaa. Nilimwambia mbele ya wenzake, na nilimwambia mara mbili pia.

Basi Jumatatu nitakwenda. Nitaomba radhi kwa kelele, kwa sababu nilipiga kelele. Kwa niliyoyasema juu ya salamu sitaomba radhi hata waifukuze shule yangu kwenye kila uwanja wa nchi hii. Nitawaambia waandike kwamba mtoto anaruhusiwa kumsalimia mzazi wake, na njia ile ya mawe waihamishe isikatize mbele ya watu. Wakikataa nitarudi tena. Mimi si mtu wa kuchoka haraka, waulize wanafunzi wangu wa ramani.

Lakini kesho ni Jumapili, na kabla ya hao waamuzi kuna mwingine wa kuombwa radhi. Nikitoka misa nitakwenda bwenini. Nitawaita wasichana wote waliokuwa pale mezani, maana waliosikia kosa ndio wanaopaswa kusikia na radhi. Nitamwambia Naserian kwamba yeye alifuata kanuni na mimi ndiye niliyetaka kuivunja, na kwamba nimeona aibu.

Hilo naweza. Ni gumu, ila naweza.

Ninachokiogopa ni swali. Namjua, ni mtoto wa kuuliza. Atasimama, atanyoosha mikono ubavuni kama tulivyowazoesha, na ataniuliza kwa adabu: Madam, sasa mwakani nimwambie baba aje, au asije?