Kadibodi ya Picha ya Pantaleo

Mama Pantaleo,

Ulipokuwa kisimani, mchuuzi mmoja kaleta habari: mwanetu anaumwa huko Geita, kambi gani ya machimbo hajui. Nimeondoka na pikipiki. Ndama uwafungie mapema.

Injini ilikuwa inavuja oili. Nikaifuta, nikaipaka majivu nione inavujia wapi, nikaiwasha. Yakalowa chini ya silinda. Kumbe gasketi ya pale, ile karatasi ngumu ya kuzuia oili isitoke, imechanika. Nimekata nyingine kwa kadibodi ya nyuma ya picha yake, ndiyo maana fremu iko tupu. Usinune. Najua unasema naipenda pikipiki kuliko mwanangu.

~~Nilimfukuza kwa sababu~~ Nilimfukuza, basi.

Picha yenyewe ninayo mfukoni. Nitamwonyesha kila mchimba dhahabu mpaka mmoja aseme, "Huyu namjua."

Mtandikie kitanda chake.

Baba Pantaleo