Karai Lililotazama Mlimani

Fundi,

Kuna habari za siku ya mazishi yako ambazo najua hakuna mtu aliyekueleza. Pasta alikueleza za mbinguni. Ndugu zako walikueleza za ukoo, kwa kirefu, hadi watu wakaanza kusogeza viti kufuata kivuli. Lakini habari za kadi ya waifai hakuna aliyezigusa, na nakujua, hizo ndizo ungeuliza kwanza. Basi nimekaa hapa kibandani, mjini Kabati, kabla wateja hawajaja, nikuandikie mimi Ndinda, mwanafunzi wako uliyezoea kumwambia ana haraka kama kuku anayetaka kutaga.

Kibanda bado kiko wazi. Nakalia kiti changu kile kile cha plastiki. Chako nimekiacha pale dirishani. Watu wanaingia wakiuliza, "Fundi yuko?" halafu wanashika mdomo. Siwakasirikii. Hata mimi juzi nilikwama na printa nikageuka kukuita, na jina likanitoka kabla sijakumbuka. Nililia, Fundi, mbele ya mteja, na yule mteja akaanza kunibembeleza huku printa yake imefunguliwa tumbo mezani.

Sasa nikueleze.

Unakumbuka Mwende alipopata kazi ya nyumbani huko Uarabuni, ukakaa siku nyingi umeshika bisibisi bila kuitumia. Binti yako wa pekee. Na kijijini kwenu, huko chini ya Tulia, simu ni za kuangalia saa tu. Mtandao unaishia juu mlimani, kanisani kwenu, ambako kuna intaneti. Kuzungumza naye ilikuwa mpaka mpande mlima, na Mama Mwende kwa magoti yake yale hangeweza. Ndipo ukachukua karai lake la kukaangia, ukafunga kadi ya waifai katikati ya tumbo la karai kwa waya wa kufungia nondo, ukalipandisha kwenye nguzo kando ya tangi, likitazama kanisa. Kisha ukaleta laptopu iliyotupwa na ofisi fulani, ukaitia Linux nyepesi kwa sababu mfumo mwingine ungeiua. Kadi ya kwenye karai, iliyoungwa na laptopu kwa waya mrefu wa USB, inavuta mtandao kutoka kanisani, kadi ya ndani ya laptopu inaugawia simu za nyumbani. Mimi nilidhani unacheza. Jumapili ya kwanza uso wa Mwende ulipotokea kwenye simu ya mama yake, mama huyo akakaa chini kwenye vumbi akacheka mpaka akajifuta machozi na leso.

Lakini Mama Mwende hakukusamehe karai. "Mwanzia, hiyo karai ni yangu. Siku utaitoboa, utakula mahindi mbichi kama ng'ombe." Nawe hukulitoboa. Kila Jumapili alikukumbusha ni lake, na kila Jumapili ukamwambia utalirudisha kesho.

Ulipofariki, Mwende aliomba kuja nyumbani akanyimwa ruhusa. Alinitumia ujumbe wa sauti nikiwa hapa Kabati. Alisema hataki video ya kutumiwa baadaye. "Ndinda, nataka nimuage akiwa bado juu ya ardhi. Hiyo tu. Niwekee ile kitu yake." Nikamwambia itakuwepo. Nilisema hivyo bila hata kufikiria, maana ile kitu yako haikuwa imewahi kutuangusha Jumapili hata moja.

Asubuhi ya mazishi nilifika mapema. Wenye hema walikuwa wameshamaliza kazi, na kamba yao moja ilikuwa imepita juu ya nguzo ya karai, ikaing'oa kadi yako ikaivunja shingo. Karai lenyewe lilikuwa pale pale, halijapata hata mkwaruzo. Kadi ilikuwa inaning'inia na waya zake nje.

Sikupiga kelele. Nilikuwa na kadi nyingine mkobani, ya akiba, niliyoitoa kwenye droo ya kibandani, sura moja na ile yako, hata kifuniko rangi moja. Nikaichomeka kwenye laptopu. Taa haikuwaka. Nikaichomoa, nikaichomeka upande wa pili. Kimya. Huko barabarani watu walikuwa wameanza kusema gari la mochari limeshavuka Kabati.

Mikono ilianza kutaka kufanya mambo yake, Fundi. Kuzima, kuwasha, kufuta, kuweka upya, yale yote uliyokuwa ukinipiga kofi la mgongo nikiyafanya. Nikakusikia kabisa: "Uliza mashine kwanza. Mashine haifichi kitu, ni wewe huulizi." Nikafungua lile dirisha jeusi la kuandikia amri, nikaiuliza. Ikanijibu vizuri tu. Kadi inaiona. Lakini ndani ya kadi hiyo kuna chipu nyingine kabisa, si ile ya kadi yako, nayo inataka faili yake ndogo ya kuamkia, na faili hiyo haipo kwenye mashine. Nikakumbuka ulivyokuwa ukisifu mfumo huo: "Ni mwepesi kwa sababu umeacha mizigo mingi nyumbani." Basi mzigo mmoja ulioachwa nyumbani ndio nilikuwa nautafuta siku yako ya kuzikwa. Faili iko kwenye intaneti, na intaneti ndiyo ninayoitafutia faili. Nilikukasirikia kidogo hapo. Nisamehe, au usinisamehe, nilikukasirikia.

Nikapanda boda na laptopu kifuani, tukapanda mlima hadi kanisani. Kanisa lilikuwa limefungwa, watu wote wako kwako, lakini waifai haina kufuli. Nikakaa kwenye ngazi za mlango, ile kadi ya ndani ikashika mtandao, nikaanza kutafuta. Simu yangu nayo ikaamka, ujumbe wa Mwende ukaingia. Alikuwa ananong'ona. "Ndinda, nimejifungia kwa store. Madam amenipatia ruhusa mpaka wamalize kukula. Usiniache hapa."

Nikashusha faili, nikaiweka kwenye folda yake, nikaichomoa kadi nikaichomeka tena. Taa ikawaka, Fundi! Ya kijani, inapepesa. Mtandao wa kanisa ukatokea. Mwenye boda aliniuliza kwa nini narukaruka siku ya msiba. Kule chini nikasikia honi ya gari lililokubeba likiingia nyumbani.

Tuliposhuka, ulikuwa tayari chini ya hema. Pasta alikuwa ameshika kipaza sauti. "Jamani, tutatunza muda. Nina mazishi mengine upande wa Makueni." Nikaweka laptopu kwenye kiti chini ya tangi, nikaiwasha, kadi ikawaka kijani. Nikasubiri mtandao utokee. Hakuna kitu. Nikasubiri tena. Hakuna.

Ilifanya kazi mlimani, na hapa haifanyi. Nilitaka kuirusha kwenye shimo la takataka. Nikauliza mashine tena, vidole vinakosea herufi. Ikanijibu ile ile: kadi ni nzima, faili imesomwa, hakuna kosa. Na kama mashine haina kosa, ulikuwa unasema, toa kichwa nje ya mashine. Nikainua macho, maana kwa haraka yangu ya kuku sikuwa hata nimeipandisha kadi kwenye karai.

Nguzo ilikuwa tupu. Karai halikuwepo.

Unajua kwetu msiba ukiingia, hakuna chombo kinachobaki kimelala. Masufuria ya majirani wote, mabeseni, hata ndoo za kuogea zinaosha mboga. Wageni walikuwa wameongezeka, wapishi wakapungukiwa, mtu akatazama juu akaona karai zuri limekaa bure kwenye nguzo kama kofia. Akakata waya, akalisugua, akaliweka motoni. Nilikwenda kule jikoni nikalikuta limejaa kabeji hadi ukingoni.

Mama Kyalo ndiye aliyekuwa akisimamia jiko. Nikamwambia naomba karai, sasa hivi. Akanitazama na mwiko mkononi. "Ndinda, umechanganyikiwa? Wageni wa Makueni wakule nini?" Nikamweleza kuhusu Mwende. Akasema ngoja basi kabeji iive. Nikapiga kelele, ndiyo, mazishini, nikamwambia kabeji haina mtoto Uarabuni. Kule hemani pasta alikuwa ameanza kuita jamaa waje kuutazama mwili.

Mlango wa nyumba ukafunguka. Mama Mwende akatoka, yeye ambaye alipaswa kukaa ndani na akina mama wazee mpaka aitwe. Alitembea polepole kwa sababu ya magoti. Akatazama karai, akatazama nguzo, akanitazama mimi.

"Mwageni hiyo kabeji."

"Tumwage wapi, Mama Mwende?" Mama Kyalo aliuliza.

"Popote. Hiyo karai si yangu, ni ya Mwanzia. Mpatieni."

Fundi, nilitaka uwe hai kwa dakika moja tu usikie hayo.

Walimwaga kwenye beseni. Nikalibeba karai kwa leso mbili, la moto, linadondosha mafuta. Hakukuwa na waya wa kulifungia wala muda wa kuutafuta. Nikachomeka kadi kwenye ule waya mrefu wa USB, nikapanda kwenye jukwaa la mawe la tangi, nikaishika katikati ya karai kwa mkono mmoja na ukingo kwa mkono mwingine, nikalielekeza kanisani. Nikamwuliza Mama Mwende, aliyesimama chini na simu yake, anaona nini. "Bado." Nikasogeza kidogo kushoto. "Bado." Nikainua. Nikasikia amevuta pumzi. "Mwanangu," akasema. Kisha hakusema na mimi tena, akaenda na simu hadi kwako.

Nikabaki hivyo. Nikisogea hata kidogo, watu kule nyuma walikuwa wakiniita, "Picha imesimama! Rudisha!" Nikarudisha. Mafuta yaliniteremkia hadi kiwiko, na kifundo cha mkono kina alama mpaka leo. Kaburi lako lilikuwa nyuma yangu, hapo hapo, ningegeuza shingo ningekuona. Sikuthubutu kuigeuza.

Pasta, kwa haraka zake zote, nilimpenda siku hiyo. Aliweka kipaza sauti karibu na simu. Sauti ya binti yako ikatoka kwenye spika zile kubwa, ikapita juu ya kichwa changu.

"Nau, baba yangu, ni mimi Mwende. Nimekuona. Wamekufunga tai vibaya, Mama atengeneze." Nikasikia watu wakicheka na kulia kwa pamoja. Kisha kimya, nikadhani nimempoteza, nikaganda kama nguzo yenyewe. Kisha akasema, "Niko sawa huku. Usinifikirie sana. Lala salama. Koma nesa, Nau."

Halafu waliimba. Halafu nikasikia kamba zikilegezwa, na sauti ya wanaume wakiambiana polepole, polepole. Halafu udongo. Kila mtu aliyekupenda alikutupia udongo siku ile, hata yule mwenye boda. Mimi nilikuwa nimekupa mgongo, natazama kanisa, nimeshika karai la kabeji. Picha haikukatika mpaka walipomaliza. Mwende mwenyewe ndiye aliyekata, nadhani wenye nyumba walimaliza kula.

Ndiyo maana nakuandikia. Wenzangu wote walikuaga. Mimi sijakuaga.

Wageni wa Makueni walikula kabeji isiyoiva, wakasema ni tamu. Mama yangu amenipigia kutoka Mukuyuni akiniuliza kama ni kweli nilipigana na wapishi, maana habari imefika sokoni ikiwa na miguu zaidi ya niliyoipa. Nimemwambia sikupigana. Mama Kyalo na mimi tunasalimiana vizuri, ila sasa akipika kwa mtu huniuliza kwanza kila chombo ni cha nini, kwa kunichokoza.

Karai limerudi nguzoni na kadi mpya katikati. Nililifunga kwa waya wako. Nilitaka kulisugua masizi, Mama Mwende akakataa, akasema liache lilivyo. Kupika anapikia sufuria. Jumapili anakaa pale chini ya tangi na simu, na Mwende akitokea humwonyesha kaburi kwanza, kisha kuku, kisha uso wake.

Hapa kibandani nimeanza jambo moja. Kila kadi inayopita mikononi mwangu, naiuliza chipu yake, natafuta faili yake ya kuamkia, naihifadhi kwenye ile flashi yako nyekundu. Hakuna mashine itakayotoka hapa nyepesi kiasi cha kuacha nyumbani faili ya kuamshia kadi ya mteja. Hiyo nakuahidi. Na karai hilo, nikiwa hai, hakuna atakayelishusha, iwe harusi iwe msiba.

Jumapili nakuja huko chini. Nitapanda jukwaa la tangi, nikaze waya, nihakikishe linatazama kanisa na picha haikatiki. Mama Mwende atazungumza na mwanaye. Mimi nitashuka, nitaokota udongo, na nitakugeukia.

Koma nesa, Fundi.

Ndinda